Jiko la kuni: uwashaji na urekebishaji wa hewa (Rungwe)

Jiko la kuni ni jiko la udongo, matofali au chuma ambalo moto wake umezungushiwa ukuta, lenye mlango wa kuni, njia ya hewa na, kwa yaliyo bora, dohani ya kutolea moshi. Katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, hutumika pamoja na mafiga matatu. Tukuyu, makao makuu ya wilaya, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na Juni na Julai baridi huwakusanya watu jikoni.

Mvua hizo ndizo mwanzo wa moshi. Mkaratusi uliokatwa leo huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto unalazimika kuyachemsha kwanza. Jiko hubaki na ubaridi, gesi za kuni hazipati joto la kuziunguza, nazo hutoka zikiwa moshi au huganda dohanini kuwa utando mweusi wa lami. Kuni zipasuliwe, zipangwe kwa kuachiana nafasi chini ya paa, zikae kiangazi kizima. Zilizokauka vizuri huwa na maji chini ya asilimia 20: huonyesha nyufa kwenye ncha, na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali.

Kabla ya kuwasha, majivu hukombwa na njia zote za hewa hufunguliwa. Magunzi makavu na vibanzi vya mpaina wenye utomvu hushika upesi. Kuni nene hufuata mwali ukishatulia. Asubuhi ya ukungu dohani iliyopoa hujaa hewa nzito ya baridi inayorudisha moshi ndani. Majani makavu ya mgomba yakichomwa chini yake kidogo, hewa hiyo hupata joto na kuanza kupanda.

Takriban robo tatu ya uzito wa kuni kavu hugeuka gesi kwanza, ndipo ikaungua. Kwa hiyo jiko zuri la chuma lina hewa za aina mbili: ya chini, inayopita kwenye makaa, na ya juu, inayokutana na gesi hizo. Moto ukikolea, hewa ya chini hupunguzwa kidogo kidogo, na mpishi husubiri mwali ujibu kabla ya kupunguza tena. Hewa ya juu haifai kufungwa kabisa, kwani kufanya hivyo ni kupeleka kuni angani bila kupika. Mwali wa manjano usio na moshi unaonyesha hewa inatosha. Mwali mwekundu wenye masizi unaiomba zaidi, na ukinguruma dohanini, joto linapotea nje.

Jiko banifu la udongo, ambalo kaya nyingi hujijengea, kwa kawaida halina vifungio vya hewa. Mlango wa kuni ndio njia yake ya hewa, na kosa linalowatesa wapishi kuliko yote ni kuujaza. Kuni mbili au tatu zilizoegemezwa juu ya kipande cha chuma, hewa ikipita chini yake, hupika haraka kuliko mzigo uliosongamana. Moto huongezwa kwa kuzisukuma ndani na kupunguzwa kwa kuzivuta nje. Mpishi anayepuliza kila mara atazame kwanza mlango huo, kisha dohani.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikia Watanzania asilimia 80. Wanaoendelea na kuni wasafishe dohani mara kwa mara, waache dirisha la jikoni wazi hata wakati wa baridi, na kamwe wasiingize makaa chumbani ili kupata joto la usiku: hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini.