Shindano ndani ya jicho: dawa iliyotoka kwenye kansa, na miezi sita isiyorudi

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulisha kusikia mu familia. Mzee analala vizuri. Asubuhi anaamka, jicho moja inaona kama kuko moshi. Haimuume. Haiko nyekundu. Mu nyumba maneno inaanza: "Kuko mutu alimufanya kintu." Wengine wanatafuta mulozi, wengine wanamutia maji ya majani. Miezi inapita. Siku anafika kwa munganga wa macho, anaambiwa: mushipa wa retina uliziba.

Ugonjwa huu uko na historia ndefu. Nataka tuisome kwa sababu inatuonyesha kile tunachopoteza wakati tunangoja.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho, pale picha inapokelewa. Damu inaingia kwa ateri, inatoka kwa veni. Sisi watu wa kilimo tunaelewa haraka: ukiziba mufereji wa kutoa maji mu shamba, maji inarudi nyuma, mizizi inakosa hewa, mimea inakufa katikati ya maji. Mu jicho ni vile vile. Tansio, sukari na uzee vinaharibu mishipa, veni inaziba, damu inarudi nyuma, maji yanavuja mpaka makula, pale katikati ya retina tunaposomea.

Zamani hakuna mutu aliweza kuona mambo haya. Ni 1851 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alipotangaza chombo cha kuangalia ndani ya jicho la mutu muzima. Mu 1878 Julius von Michel akaeleza kwamba ni damu iliyoganda mu veni kubwa ya retina. Basi jina lilipatikana, lakini dawa hapana. Karibu miaka mia moja waganga walikuwa wanaangalia tu.

Kisha leza ikakuja. Mu 1984 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba inasaidia wale ambao tawi moja tu la veni liliziba. Lakini mu 1995, kwa wale ambao veni kubwa yenyewe iliziba, leza ilipunguza maji na macho haikuona vizuri zaidi.

Jibu lilitoka fasi ingine kabisa. Tayari mu 1948 munganga Isaac Michaelson aliwaza kwamba retina ikikosa hewa inatoa kitu fulani kinachootesha mishipa mipya. Mu 1983, kule Boston, Harold Dvorak na wenzake walipata mu uvimbe wa kansa protini inayofanya mishipa ivuje. Mu 1989 Napoleone Ferrara, wa kampuni Genentech huko California, akatambua protini inayootesha mishipa, akaiita VEGF. Ikaonekana zote mbili ni kitu kimoja! Genentech ikatengeneza dawa ya kuifunga: bevasizumabu, inayouzwa kwa jina la Avastin. Mu 2004 Marekani iliikubali kwa kansa ya utumbo mukubwa.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa inatayarisha dawa ingine ya macho, Lucentis, lakini haikuwa bado tayari. Mu 2005, kule Miami, munganga Philip Rosenfeld hakungoja. Alichukua kidogo ya Avastin, akaipiga ndani ya jicho. Mumoja kati ya wagonjwa wake wa kwanza alikuwa na veni kubwa iliyoziba. Uvimbe ukashuka, na habari ikazunguka dunia kwa haraka.

Sasa angalia hesabu. Chupa ndogo ya Avastin iko na mililita 4. Jicho inaomba 0.05 tu. Njo maana mu Marekani shindano moja la Avastin lilikuwa karibu dolari 50, la Lucentis karibu 2,000. Mu 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka bevasizumabu kwenye liste ya dawa za lazima, upande wa macho. Mu 2017 utafiti wa wagonjwa 362 ulionyesha kwamba, kwa miezi sita ya kwanza, haikushindwa na afliberseti ambayo bei yake ni ya juu sana.

Lakini namba ambayo haitoki mu kichwa changu ni ya utafiti ulioitwa CRUISE, wa 2010, wenye watu 392. Waliopata dozi kamili ya Lucentis kila mwezi, nusu mwaka, waliongeza karibu herufi 15 kwenye karatasi ya kupima macho. Waliopigiwa shindano la kujifanya tu waliongeza karibu 1. Kisha wote wakaruhusiwa dawa. Mwaka ulipoisha, wa kwanza walikuwa wameongeza karibu herufi 14. Waliongojeshwa, karibu 7. Dawa ilikuwa karibu moja, waganga ni wale wale. Kilichokosa ni ile miezi sita.

Tuseme ukweli wote. Shindano haifungue veni; inafunga VEGF tu, basi inarudiliwa mara nyingi. Mutu wa Kasenga akifika Lubumbashi mara moja na kurudi, hajatibiwa. Dawa inaomba frigo ya nyuzi 2 mpaka 8, na sisi tunajua namna umeme unakatikakatika. Kugawa chupa kunaomba usafi mukali: mu 2011 watu 12 kule Florida waliambukizwa na mashindano yaliyogawanywa vibaya, na mu 2023 makumi ya watu walipata hasara ile ile mu Pakistani. Basi mbele ya kuuliza bei, uliza: dawa inatoka wapi, nani aliigawanya, inawekwa wapi?

Na sisi wenye lisansi, mu familia tunaulizwaka mbele ya munganga. Jioni hii fanya kintu kimoja, ni bule. Uambie papa ao mama afunike jicho moja, asome, kisha afunike ingine. Watu wengi hawajue kama jicho moja ilisha kufa, juu ingine inasaidia. Kisha umupeleke apimwe tansio. Na kama moshi inaonekana, kesho asubuhi ni kwa munganga wa macho. Mulozi hakuna. Kuko mushipa uliziba, na saa inatembea.