Masomo ya Mbali na Mwanafunzi wa Nakivale

Makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, katika nchi ya malisho iliyo kusini mashariki ya Mbarara, Uganda, yamekuwa baadaye maskani ya Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Na kwa kuwa wengi wao hawakusomeshwa kwa Kiingereza, kijana aliyekwisha kufika sekondari kwao aghalabu hurudishwa darasa la chini akaanze lugha upya. Atakaye kumsomesha kijana huyo kwa intaneti hana budi aanze na jambo hilo la lugha kabla ya kununua hata kompyuta moja.

Waliotangulia katika masomo ya mbali walitambua kwamba lugha nyepesi na mtu wa kuongoza hutangulia chombo. Kule Tanzania, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2, redio haikuachiwa kufundisha peke yake: wanakijiji walikaa katika vikundi, kijitabu cha Kiswahili chepesi mkononi na kiongozi aliyefunzwa katikati yao, wakasikiliza kipindi, wakahojiana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chuo Kikuu cha Makerere nacho, huko Uganda, kilipofungua shahada za nje mwaka 1991, kilifuatanisha vijitabu na vikao vya ana kwa ana.

Hazina hiyo ya uzoefu, kwa rai yangu, ilisahauliwa shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, zisifunguliwe zote hadi Januari 2022, na wanafunzi wapatao milioni 15 wakaelekezwa kwenye redio, televisheni, karatasi zilizochapwa na, kwa wenye uwezo, intaneti. Nyumba nyingi makazini zina simu moja, nayo ni ya kitochi. Baba huondoka nayo alfajiri kwenda shambani, na jioni, imekwisha kuzimika, hupelekwa senta kuchajiwa kwa malipo kwenye duka lenye sola. Laini yenyewe ilikuwa tabu: kabla ya mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano iliporuhusu hati za ukimbizi zitumike katika usajili, wengi walipiga simu kwa laini zenye majina ya watu wengine.

Na Julai 2021, shule zingali zimefungwa, kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Sheria ilisamehe data ya elimu na tiba. Lakini muuza bando wa Mbarara hana njia ya kujua ni data ipi itakayosomewa hesabu, naye humtoza kila mnunuzi bei ile ile.