Baba Aliyeachwa Nje ya Hadithi



Noeli inapokaribia, hadithi ya Teddy na mwalimu wake, Bi. Thompson, hurudi katika mahubiri ikisimuliwa kama jambo lililotokea. Ni hadithi ya kubuni. Iliandikwa na Mmarekani, Elizabeth Silance Ballard, ikachapishwa mwaka 1976 katika Home Life, jarida la Wabaptisti. Wahubiri wakaichukua, barua pepe zikaisambaza, jina la mtunzi likapotea njiani.

Teddy ni mtoto mchafu, mzito wa masomo, asiyependwa na mwalimu wake. Noeli inapofika anamletea bangili iliyopungukiwa vito na chupa ya manukato iliyokwisha nusu, mali ya marehemu mama yake. Tangu siku hiyo mwalimu anabadilika, na mtoto anainuka hadi kuwa daktari.

Wengi hukumbuka manukato. Mimi hunigusa zaidi taarifa za shule. Mwaka baada ya mwaka walimu waliandika: mama anaumwa, mama amefariki, baba hajali. Yote yalikuwamo katika jalada, wala hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwa huyo baba. Mwishoni tunaarifiwa tu kwamba naye amekufa.

Hapa Tunduma taarifa kama hizo hazikuhitaji mtunzi. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 zilituletea riziki, na pamoja na wasafiri yakaja maradhi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulikuta asilimia 13.5 ya watu wazima katika Mkoa wa Mbeya wana virusi vya UKIMWI, kiwango kilichozidi mikoa mingine yote. Songwe ilikuwa bado sehemu ya mkoa huo, hadi 2016. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali mwaka 2004. Kwa akina mama wengi zilichelewa.

Wajane tuliwaona. Wagane je? Neno lenyewe ni nadra kulisikia. Mwanamume aliyefiwa na mke hutarajiwa kuoa upesi, na watoto hupelekwa kwa bibi. Anayebaki nao peke yake huonekana hajui alitendalo.

Tena shule zetu hufungwa mapema Desemba. Hakuna sherehe ya darasani ambamo mtoto angeleta manukato. Mvua zimeanza, mahindi yanapandwa, baba yuko shambani au kwenye foleni ya malori mpakani. Mwalimu anayetaka kumfikia mtoto wa namna hiyo wakati wa Noeli hana budi kukanyaga tope hadi nyumbani kwao, tena jioni, na atakayempokea mlangoni ni baba. Kwa adabu zetu hawezi kumpita akamwendea mtoto. Atakaribishwa kiti, ataulizwa habari za huko atokako, kisha atasema, "Pole na msiba, baba," hata kama msiba ni wa miaka mitatu iliyopita. Na yule aliyeandikwa kuwa hajali huenda ndipo, kwa mara ya kwanza, atamtaja marehemu mbele ya mwanawe.