Kabla ya heliamu, Rukwa ilitikisa dunia kwa nzige

Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba chini ya bonde la Rukwa kuna gesi ya heliamu. Mwanzoni mwa 2024 gesi hiyo ikapatikana kwenye kisima cha Itumbula, wilayani Momba, na sasa Ziwa Rukwa linazungumzwa kana kwamba limegunduliwa jana. Kwa wakazi wa Mbangala na vijiji vingine vya bonde hili, ziwa ni samaki kwanza.

Wageni hawajaanza leo. Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 22, aliliona mwaka 1880 akalibandika jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Jina halikushika. Wajerumani walibeba samaki, na mwaka 1903 perege wa hapa, magege kwa wenyeji wengi, akapewa jina la kitaalamu.

Rukwa haina mlango wa kutokea. Songwe, Momba na Rungwa humwaga maji humu, na kazi ya kuyapunguza huachiwa jua. Ndiyo maana maji yana magadi, kina ni kifupi, na ufuko hauna makao. Mwaka 1929 ziwa lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Kufikia 1939 lilikaribia 130. Mwenye dago kando ya maji alipaswa kuwa tayari kuhama.

Katika miaka hiyo ya kujaa, 1936 na 1937, walikuja wanawake wawili wa Kiingereza, Kate Ricardo na Janet Owen, kuchunguza samaki na uvuvi. Ripoti yao ilitoka 1939. Lakini haikuwa ripoti ya samaki iliyozishughulisha serikali za wakati ule.

Zilishughulishwa na nzige wekundu. Maji yakipungua, mbuga za nyasi huachwa wazi, na humo nzige hutaga. Kuanzia 1930 makundi yaliyozaliwa Rukwa na kwenye Ziwa Mweru wa Ntipa yalisambaa hadi Afrika Kusini, yakila mahindi na mtama kwa takribani miaka 14. Wakoloni waliokuwa wakigombania mipaka hapo awali wakajikuta wanakaa meza moja: mwaka 1949 mkataba wa kimataifa ulianzisha shirika la kudhibiti nzige, makao yakiwa Abercorn, leo Mbala, Zambia. Desmond Vesey-FitzGerald, mmoja wa wataalamu wake, alizisoma mbuga hizi nyasi kwa nyasi. Mbinu zimebadilika: mwaka 2009 FAO ilisaidia kunyunyiza kuvu anayeua nzige badala ya kutegemea kemikali peke yake.

Kwa maoni yangu, tunaloliona dogo ndilo kubwa. Kwa nzige kulikuwa na ndege, bajeti na mkataba. Kwa magege kuna kokoro linalozoa hata vifaranga, na doria isiyotosha.

Starehe nayo haijapewa nafasi. Pori la akiba la Uwanda liko hapahapa, viboko wapo, ndege wa maji wapo, lakini mtalii anayeshuka uwanja wa ndege wa Songwe hupelekwa kwingine. Kuogelea hakushauriwi, maana mamba wa Rukwa si hadithi. Kukodi mtumbwi alfajiri, wavuvi wakipandisha nyavu, wengine wakiwapanga samaki kwenye chanja wakauke, kungelipa nauli ya yeyote. Kwanza barabara za kuteremka bondeni zipitike masika.