Katoyi mbili, vipimo viwili: kura za Kivu ya Kaskazini tangu 2006

Watu wa Goma wanajua Katoyi mbili. Moja ni mtaa wa komini ya Karisimbi, hapa mjini. Nyingine ni sekta ya Katoyi katika wilaya ya Masisi, kule milimani. Tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, Katoyi ya mjini ilipiga kura. Katoyi ya Masisi haikupiga. Tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imeamua kwamba Masisi na Rutshuru, pamoja na Kwamouth kule Mai-Ndombe, haziwezi kuchagua kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Wakaaji wa Masisi na Rutshuru, wengi wao wakiwa tayari wanalala chini ya mahema kando ya Goma, waliona nchi ikichagua rais na wabunge bila sauti ya vijiji vyao.

Jambo hilo halikuwa geni katika jimbo hili. Tarehe 26 mwezi wa 12, 2018, siku 4 kabla ya uchaguzi, CENI iliondoa Beni na Butembo katika kura ya rais, ikitaja Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, lakini kura ilikatazwa. Siku ya uchaguzi vijana na wazee wa Beni walipanga foleni wenyewe na kupiga kura ya ishara, ili ijulikane kwamba walikuwa tayari. Kura yao halali ilikuja tarehe 31 mwezi wa 3, 2019, na ilikuwa ya wabunge tu. Rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu tarehe 24 mwezi wa kwanza.

Kitendo ni kimoja: raia kunyimwa kura kwa sababu ya maafa ambayo hakuyaleta yeye. Lakini waliopiga kelele mwaka 2018 na waliopiga kelele mwaka 2023 hawakuwa wote watu wale wale. Wengi walikasirika pale tu kitendo kilipomfaidi mgombea wa upande mwingine. Kilipomfaidi wa kwao, walisema ni lazima, ni vita, ni sheria. Waswahili walikwisha kusema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kujua desturi hii ilikotoka, ni lazima kurudi kwenye kura ya 2006.

Kura ya amani, na swali la damu

Tarehe 30 mwezi wa 7, 2006, Wakongo walipiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 40. Goma ilikuwa imetoka chini ya RCD, kundi lililoushika mji tangu 1998 hadi serikali ya mpito ilipoanza mwaka 2003. Katika duru ya pili, tarehe 29 mwezi wa 10, Joseph Kabila alipata 58.05% na Jean-Pierre Bemba 41.95%. Huku Kivu ya Kaskazini Kabila alipata zaidi ya kura 9 kati ya 10.

Sababu zilikuwepo, na zilikuwa na uzito. Watu walitaka vita viishe, na waliona Kabila ndiye aliyekubali mapatano. Aliongea Kiswahili, lugha ya mashariki, na Bemba aliongea Lingala, lugha ya magharibi na ya jeshi. Tena, wapiganaji wa Bemba na washirika wao waliacha kumbukumbu chungu kule Mambasa, Ituri, mwishoni mwa 2002. Mama aliyekimbia Mambasa hakuwa na haja ya kufundishwa sababu ya kumkataa Bemba.

Hata hivyo, kipimo hakikuwa kimoja. Bemba aliulizwa kila siku juu ya askari wake. Mgombea wa mashariki hakuulizwa kwa sauti ile ile juu ya wake. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010 juu ya uhalifu wa miaka 1993 hadi 2003, ilitaja pande zote, jeshi la serikali likiwemo.

Katika kampeni hiyo hiyo lilizuka swali la damu. Upande wa Bemba ulimtangaza kuwa mtoto halisi wa nchi, yaani mpinzani wake ni mgeni. Huku mashariki maneno hayo yaliudhi watu wengi. Walijibu kwamba mgombea apimwe kwa kazi yake, asipimwe kwa ukoo wa wazazi wake. Jibu hilo lilikuwa zuri. Lingekuwa zuri zaidi kama lingedumu.

Halikudumu. Mwaka 2021 Noël Tshiani aliendesha wazo la sheria ya kutaka rais awe na baba na mama Wakongo. Kila mtu alijua inamlenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Ugiriki. Mwaka 2023 Tshiani alikwenda hadi Mahakama ya Katiba kutaka Katumbi azuiwe, na mahakama ikamkatalia. Lakini kampeni ilikuwa imekwisha kushika njia: Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alisimama majukwaani akisema juu ya wagombea wa wageni. Swali lililoonekana tusi mwaka 2006 sasa lilionekana kwa wengi kuwa hoja ya uzalendo. Wale waliolikataa kwa ajili ya Kabila na kulikubali dhidi ya Katumbi hawakuwa na kanuni tangu mwanzo. Walikuwa na mtu.

Askofu yule yule, sifa na matusi

Mwaka 2006 Vital Kamerhe, mtoto wa Kivu ya Kusini, alikuwa katika mstari wa mbele wa kampeni ya Kabila, kisha akawa spika wa Baraza la Wabunge. Mwezi wa kwanza 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu ya Kaskazini kwa operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Kamerhe alisema hadharani kwamba bunge halikuarifiwa. Chama chake kilimgeukia, na mwezi wa 3 alijiuzulu. Swali lilikuwa la kikatiba: je, jeshi la kigeni linaweza kuingia bila wawakilishi wa raia kujua? Badala ya kujibu swali, mjadala ukawa juu ya mtu: ni msaliti au shujaa?

Mwezi wa kwanza 2011 katiba ilibadilishwa, duru ya pili ya uchaguzi wa rais ikafutwa. Upande wa serikali ulisema ni kupunguza gharama. Wapinzani walisema ni kumkinga Kabila, ambaye nguvu zake huku mashariki zilikuwa zimepungua sana. Katika uchaguzi wa tarehe 28 mwezi wa 11 Kabila alitangazwa mshindi kwa 48.95%, mbele ya Étienne Tshisekedi aliyepewa 32.33%. Kardinali Monsengwo alisema matokeo hayo hayalingani na ukweli wala haki. Wafuasi wa UDPS walimshangilia. Étienne Tshisekedi alikataa matokeo na kujiapisha nyumbani kwake tarehe 23 mwezi wa 12.

Miaka 7 ikapita. Mwezi wa kwanza 2019 CENI, chini ya Corneille Nangaa, ilimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa 38.57%, Martin Fayulu akiwa na 34.83% na Emmanuel Ramazani Shadary 23.84%. Baraza la maaskofu, CENCO, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema matokeo hayo hayalingani na yale yaliyokusanywa na watu wake kwenye vituo. Kanisa lilitumia njia ile ile ya 2011: kuhesabu, kulinganisha, kusema. Safari hii, katika UDPS, chama kilichosifu maneno ya kardinali mwaka 2011, maneno ya maaskofu yalipokelewa kama uadui. Na baadhi ya wale waliolilaumu Kanisa mwaka 2011 kwa kuingilia siasa walianza kulinukuu.

Waliohama bila kufungasha

Mapatano nayo yalipimwa kwa jina. Tarehe 11 mwezi wa 11, 2018, wapinzani walikutana Geneva, wakamchagua Fayulu. Siku iliyofuata Tshisekedi na Kamerhe waliondoa sahihi zao, na kabla ya mwezi kuisha wakatangaza muungano wao wenyewe Nairobi. Upande mmoja uliita hilo usaliti, upande wa pili ukaita kusikiliza wafuasi.

Kisha ukaja wakati wa wabunge. FCC ya Kabila ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Mwezi wa 12, 2020, Tshisekedi alitangaza Muungano Mtakatifu. Tarehe 10 ya mwezi huo ofisi ya spika Jeanine Mabunda iliangushwa kwa kura 281 dhidi ya 200. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2021, wabunge 367 waliiangusha serikali ya Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba. Hakuna uchaguzi uliofanyika katikati. Wengi walioangusha ndio walioletwa bungeni kwa jina la FCC. Jimbo hili nalo liliona wakubwa wake wakivuka: Julien Paluku, aliyekuwa gavana tangu 2007 hadi 2019 na mtu wa FCC, aliingia serikali ya Muungano Mtakatifu mwaka 2021 kama waziri wa viwanda.

Bemba naye alirudi. Mwezi wa 3, 2023, aliteuliwa kuwa waziri wa ulinzi, akampigia kampeni Tshisekedi. Mtu aliyekataliwa huku mwaka 2006 kwa sababu ya askari wake alipewa jeshi lote la nchi. Na Nangaa, ambaye waliofurahia matokeo ya 2019 walimwita mtu wa ukweli na walioumia walimwita mwizi wa kura, mwezi wa 12, 2023 alianzisha AFC akiwa Nairobi. Tangu AFC/M23 ishike Goma mwezi wa kwanza 2025, majina hayo mawili yamebadilishana midomo. Kabila mwenyewe alifika Goma mwezi wa 5, 2025, na tarehe 30 mwezi wa 9 Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na uhalifu wa kivita. Wapo waliomsifu kwa miaka 12 ambao leo wanasema walijua siku zote. Wapo waliomlaani ambao leo wanamwita mzee wa hekima.

Mtu anaweza kubadilika, na raia ana haki ya kubadili maoni. Lakini anayebadili maoni kwa haki hueleza ni kitendo gani kilichomgeuza. Anayefuata upande tu habadili maoni. Anabadilisha kopo la kupimia, kama mchuuzi mwenye kopo kubwa la kununulia maharage na dogo la kuuzia.

Waliobaki na kopo moja

Si watu wote waliofanya hivyo. LUCHA, harakati ya vijana iliyozaliwa Goma mwaka 2012, iliandamana dhidi ya Kabila, na mwaka 2016 wanachama wake walihukumiwa jela hapa mjini. Chini ya Tshisekedi iliandamana dhidi ya utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa 5, 2021, na wanachama wake waliokamatwa Beni walihukumiwa jela tena. Serikali mbili zilizochukiana zilikubaliana juu ya jambo hilo moja.

Kipimo kimoja hakihitaji shule kubwa. Ni kubadilisha jina na kutazama kama hasira inabaki. Kama kura ya Beni ingefutwa na mtu wangu, ningesema nini? Kama kura ya Masisi ingefutwa na adui yangu, ningenyamaza? Kama mbunge anayehamia kwetu angehama kutoka kwetu, ningemwita nani? Jibu likibadilika pamoja na jina, basi hakuna hukumu iliyotolewa hapo.

Familia zilizohama ndizo zinazolipa. Wafuasi wa chama wana chama cha kuwasemea. Mtu wa Rutshuru aliyekaa Kanyaruchinya, au wa Masisi aliyekaa Bulengo hadi kambi zilipovunjwa mwezi wa 2, 2025, hakuwa na mbunge wa kumwita, kwa kuwa viti vya nyumbani kwake vilibaki wazi. Alitegemea hasira ya majirani wa Katoyi, Ndosho na Majengo. Nusu ya majirani walikuwa wameitumia hasira yao yote mwaka 2018, na nusu nyingine walikuwa wakiitunza kwa mgombea atakayefuata.

Nchini Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Huonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani, hospitalini, pa kuchukulia pesa za simu. Wengi wa Masisi na Rutshuru wamebaki na kadi za zamani, za uchaguzi uliopita. Kwa katiba kura nyingine ya rais ni mwaka 2028. Siku orodha ya wapiga kura itakapofunguliwa, swali la kwanza katika mitaa ya Goma linatakiwa kuwa kama Katoyi zote mbili zimo, na linatakiwa kuulizwa kabla ya kujulikana nani anagombea.