Kamera ya simu ilivyofundishwa kulijua jani la muhogo

Historia ya kamera ya simu kwa kawaida huanzia California, tarehe 11 Juni 1997, siku Philippe Kahn alipounganisha kamera ya dijitali, kompyuta ya mkononi na simu akiwa hospitalini, akawatumia jamaa na marafiki zaidi ya 2,000 picha ya binti yake aliyezaliwa muda huohuo. Kisha masimulizi huhamia Japani, ambako Novemba 2000 kampuni ya Sharp ilitoa J-SH04, simu yenye kamera ya pikseli 110,000 mgongoni na uwezo wa kutuma picha papo hapo. Yote hayo ni kweli, ila yanaeleza kamera ya kumbukumbu tu: harusi, mtoto, safari, ajali barabarani. Kuna kamera nyingine ndani ya simu ileile, isiyopiga picha ili mtu aje aitazame, bali ili simu yenyewe itambue kilicho mbele yake. Hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi za watu, na historia yake haisimuliki vizuri bila kupita Bagamoyo, Tanzania, na Namulonge, Uganda.

Dalili za kwanza za kamera inayosoma zilionekana viwandani. Mwaka 1994 Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave alibuni msimbo wa QR, ile miraba myeusi na myeupe, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Mwaka 2002 simu za Japani zikaanza kuisoma kwa kamera zake, na leo miraba hiyo hulipia bidhaa dukani. Lakini msimbo ni alama iliyochorwa na binadamu kwa makusudi ya kusomwa na mashine. Jani halikuchorwa kwa ajili ya mashine. Lina matundu ya wadudu, vumbi, kivuli cha jani jirani na njano inayoweza kuwa ya uzee, ya njaa ya udongo au ya ugonjwa. Kuifikisha simu kwenye jani kulidai kitu ambacho kiwanda hakikuwa nacho.

Muhogo unaonyesha jambo hili kuliko zao lolote ninalolifahamu. Ugonjwa wa batobato ya mihogo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mimea ya milima ya Usambara. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani katika milima hiyohiyo, akaeleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, na ilichukua hadi 2001 kwa virusi vinavyousababisha kutambuliwa. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapokata pingili kwenye shina lenye ugonjwa na kuzipanda. Batobato hujionyesha mapema: majani hujikunja na kuota mabaka ya njano. Michirizi ni ya hila. Njano yake hukaa kando ya mishipa ya majani ya chini yaliyokomaa, ambayo mtu huyadhani yamezeeka tu, na mmea ukaonekana umestawi hadi siku ya kuvuna, muhogo unapokatwa na kukutwa na uozo mkavu wa kahawia ndani. Kwa hiyo ujuzi wa kuyatambua magonjwa haya umekuwapo Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Uliokuwa haba ni macho yenye ujuzi huo, kwa sababu bwana shamba mmoja hawezi kukagua kila shamba la kata yake.

Hapo ndipo kamera ilipoingia, na namna ilivyoingia ndiyo hoja yangu. Watafiti wa taasisi ya IITA na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walikwenda kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo, wakapiga picha 11,670 za majani ya muhogo katika muda wa wiki nne. Walitumia kamera ya kawaida ya dijitali, wala si simu. Picha hizo zilipangwa kufuatana na ugonjwa au mdudu aliyelishambulia jani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya PlantVillage Nuru, ambayo mtu huielekeza kwenye jani na kupata jibu bila intaneti. Uganda nako, maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge walikusanya picha 21,367, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima katika bustani zao, kisha wataalamu wakaandika jina la ugonjwa kwenye kila picha. Lenzi iliyotengenezwa Asia haikujua chochote kuhusu muhogo. Iliyojua ni ile jamii ya watu waliosimama juani wakageuza jani baada ya jani, na hao ndio ninaowaona kuwa wavumbuzi wa matumizi haya, ingawa sifa nyingi huenda kwa wenye simu na wenye kompyuta.

Mtu anaweza kuuliza kama jibu la simu linaaminika. Swali ni la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukiongozwa na Latifa Mrisho, uliipima Nuru pamoja na watu. Kwa jani moja, simu ilipata usahihi wa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Simu ilipoonyeshwa majani sita ya mmea uleule, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Takwimu hizi haziruhusu mtu kuichukua simu kama mganga asiyekosea: usahihi wa asilimia 65 una makosa mengi. Zinachoonyesha ni kwamba njia ya kuitumia ina uzito sawa na chombo chenyewe. Anayepiga jani moja la juu na kuondoka hatapata alichopata anayekagua sita, ya juu na ya chini. Na michirizi iliyojificha kwenye mizizi huku majani yakiwa mazuri haitaonwa na kamera yoyote, maana haipo machoni.

Wengine watasema simu janja ni ghali, hivyo chombo hiki kitawafikia wachache wenye nazo, na huenda serikali zikaona hakuna haja ya kuajiri maafisa ugani. Hofu ya kwanza inajibika, kwa kuwa si lazima kila kaya iwe na simu yake. Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, inatoa mfano kutoka fani nyingine, ambamo kioo cha simu ndicho kilichotumika na si kamera. Walimu walipewa simu zenye programu ya Peek kupima macho ya wanafunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha shule 50: kati ya watoto waliokutwa na tatizo, waliofika hospitali walikuwa asilimia 54 upande wa Peek, dhidi ya asilimia 22 upande wa utaratibu wa kawaida. Simu chache mikononi mwa walimu zilitosha kwa maelfu ya watoto. Tena tofauti hiyo haikuletwa na upimaji peke yake. Wazazi walikumbushwa kwa ujumbe mfupi, na kulikuwa na hospitali iliyokuwa tayari kuwapokea. Hofu ya pili siwezi kuiondoa kwa hesabu za teknolojia, kwa sababu ni uamuzi wa bajeti. Lakini ushahidi wa Trans Nzoia unaipinga halmashauri yoyote itakayoleta simu na kupunguza watu: matokeo yalitokana na watu waliokuwapo kabla ya kipimo na baada yake.

Kwa muhogo, kinachofuata kipimo ni pingili. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayotibu shina lenye virusi. Mkulima aliyeambiwa na simu kwamba shamba lake lina batobato anaweza kung'oa mimea iliyougua mapema, lakini msimu ujao atahitaji pingili safi za aina inayostahimili, zilizozalishwa na mtu aliyekaguliwa. Nchini Tanzania ukaguzi wa mbegu ni kazi ya taasisi ya TOSCI, na pingili za muhogo zimo katika kazi hiyo. Mbegu hii ni ngumu kusambaza: pingili ni nzito, hukauka haraka, na haziwezi kufungashwa na kukaa ghalani kama mahindi. Mzalishaji wake inabidi awe jirani, safari moja ya bodaboda kutoka kwa anayezihitaji. Mradi unaofika kijijini na programu ya simu bila kuhesabu wazalishaji hao utamwachia mkulima jina la ugonjwa, naye mvua zikianza atapanda mashina yaleyale.