Awali ya Kisukari

Awali ya kisukari ni hali ya mwili ambamo sukari ya damu imekwisha kuvuka mpaka wa siha ilhali haijafika mpaka wa maradhi, nayo haina homa wala maumivu, wala kiu ile ya kupita kiasi ambayo kwayo wazee walikijua kisukari chenyewe, hata mtu aweza kukaa nayo miaka kadhaa, akala na kulala, akaenda kazini na kurudi, asishuku neno mpaka siku atakapopimwa damu kwa ajili ya shauri jingine. Chama cha Kisukari cha Marekani huihesabu hali hii kuanzia miligramu 100 hadi 125 kwa desilita ya damu iliyotolewa asubuhi kabla ya kula, yaani milimoli 5.6 hadi 6.9 kwa lita; Shirika la Afya Duniani huanzia milimoli 6.1, na kwa aliyenyweshwa gramu 75 za glukosi kisha akapimwa baada ya saa mbili, wote wawili hukubaliana juu ya milimoli 7.8 hadi 11.0. Hitilafu yao si neno dogo, kwani Wamarekani walipoushusha mpaka wao mwaka 2003, kutoka miligramu 110 hadi 100, watu wengi waliolala wazima waliamka wana jina jipya la tabibu, na wako waliouliza, si bila haki, kama ni damu iliyobadilika au ni kalamu.

Kipimo cha tatu ni cha hemoglobini iliyoshikamana na sukari, ambacho husimulia habari za miezi miwili au mitatu iliyopita, na ukingo wake ni asilimia 5.7 hadi 6.4. Hapo yafaa hadhari, kwa kuwa upungufu wa damu na urithi wa selimundu, ambao ni wa wengi kando ya Ziwa Victoria na katika sehemu za pwani, waweza kukipotosha kipimo hiki, na tabibu mwangalifu hukithibitisha kwa damu ya asubuhi.

Asili ya mambo yote haya ni insulini, homoni itolewayo na kongosho, ambayo huiamuru misuli ipokee sukari na ini liache kuitoa. Mafuta yanapojikusanya ndani ya ini na kuuzunguka utumbo, na misuli inapokaa bila kazi, viungo hivyo huwa mithili ya viziwi: amri ile ile ya jana haisikiki leo, na kongosho hulazimika kupaza sauti, likatoa insulini zaidi na zaidi ili hesabu ya sukari isiharibike. Muda wote kongosho linapoweza kupaza sauti, mtu huonekana mzima. Linapoanza kuchoka, sukari hupanda kidogo kidogo, na ini, ambalo halisikii katazo, huendelea kuimimina usiku kucha, ndiyo sababu mtu aliyelala na njaa aweza kuamka na sukari nyingi, akastaajabu.

Kwamba hali hii hurejezeka kwa chakula na mwendo, hilo si wasia wa mabibi tu, bali limehesabiwa. Katika mji wa Daqing, kaskazini mashariki mwa China, mwaka 1986 waliteuliwa watu 577 kutoka zahanati 33, zahanati nyingine zikapewa mashauri ya chakula, nyingine ya mazoezi, nyingine yote mawili, na nyingine zikaachwa kama zilivyo. Baada ya miaka sita, karibu watu 68 katika kila 100 wa kundi lililoachwa walikuwa na kisukari, na katika makundi yaliyoshauriwa walikuwa baina ya 41 na 46. Wafini wakafuata kwa watu 522, wakatangaza mwaka 2001 kwamba hatari ilipungua kwa asilimia 58. Mwaka 2002 Wamarekani, waliowapima watu 3,234, walipata asilimia ile ile 58, ilhali vidonge vya metformini vilipunguza asilimia 31 tu, na uchunguzi wao ulisimamishwa mwaka mzima kabla ya wakati wake kwa jinsi jibu lilivyokwisha kuwa bayana. Nao waliopewa mashauri ya chakula na mwendo hawakutakiwa makubwa: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa juma, yaani mtu wa kilo 80 apungue kilo tano na nusu hivi, atembee nusu saa siku tano. Waliozidi miaka 60, ambao watu hudhani wamekwisha kupitwa na wakati wa kujirekebisha, ndio waliofaidika zaidi, kwa asilimia 71.

Ama chakula, kosa la washauri wengi ni kumkabidhi mtu wa Tanga au Lamu karatasi ya maakuli ya nchi za baridi, asiyoyajua ladha wala bei, naye akaikunja akaiweka, ilhali dawa yake imetandazwa sokoni kila asubuhi: kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, dagaa na changu. Shabaha ya kwanza ni wanga uliosafishwa, si wanga wote. Mahindi yaliyokobolewa yakawa sembe huachana na pumba na kiini, akabaki mlaji na wanga mtupu ambao huyeyuka upesi na kuingia damuni kwa mkupuo. Dona, ambayo husagwa nzima, huja na nyuzinyuzi zinazoukawiza, na ijapokuwa si nyeupe ya kupendeza mbele ya wageni, hushibisha kwa tonge chache. Kadhalika katika mbaazi za nazi na mahamri, kifungua kinywa kipendwacho pwani, mshitakiwa ni hamri wala si mbaazi, ingawa tui nalo lataka kiasi, na mpishi aliyezoea kumimina kasimele yote aweza kutosheka na tui jepesi. Wali hauna haja ya kufukuzwa nyumbani. Wataka kuondolewa kiti cha enzi, nusu ya sahani ikawa mboga, robo samaki au maharage, na wali ukabaki na robo yake.

Mlango mpana zaidi wa sukari, hata hivyo, ni kikombe. Anywaye chai mara nne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekwisha kunywa gramu 48 za sukari kabla hajala kitu, wakati Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu zote za chakula, na kwamba ni bora zaidi isifike nusu ya hiyo, yaani gramu 25 hivi. Ulimi hufundishika: kijiko kimoja kikiondolewa kila baada ya majuma mawili, haupigi kelele. Kahawa chungu ya barazani haina lawama. Lawama ni ya kashata na halua zinazoandamana nayo. Sharubati ya ukwaju na maji ya miwa, ambayo watu huyadhania siha kwa kuwa yametoka shambani, nayo yamo katika hesabu, na bora kula chungwa kuliko kulikamua.

Mwezi wa Ramadhani wataka neno la peke yake, kwani saumu yenyewe haimdhuru mwenye hali hii, bali futari ndiyo hufanya ghasia: tende, uji wa sukari, vitumbua, viazi vya nazi na sharubati vikiletwa pamoja baada ya adhana ya magharibi, mwili hupokea kwa nusu saa mzigo wa kutwa. Tende moja hadi tatu, maji, supu, kisha chakula cha haki baada ya sala, na kutembea kwenda tarawehe, hayo humtosha. Lakini anywaye dawa amwendee tabibu kwanza.

Mwendo wa dakika kumi au kumi na tano baada ya kula una faida ambayo watu wachache huijua, kwa maana misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata pasipo kungojea insulini. Kulala pungufu na tumbaku huongeza hatari, na hapo hapana ubishi. Metformini aghalabu hufikiriwa kwa walio chini ya miaka 60 wenye uzito mkubwa mno, na kwa wanawake waliopata kisukari cha mimba, ambao kwao ilifanya kazi karibu sawa na mazoezi na chakula.

Mwenye hali hii hupimwa tena walau mara moja kwa mwaka, na wengi huvunjika moyo sukari ikishuka kisha ikarudi juu. Wamarekani wale waliofuatwa kwa miaka baada ya uchunguzi walionyesha kwamba aliyewahi kurudi katika hesabu ya kawaida, walau mara moja, hatari yake ya kupata kisukari baadaye ilikuwa pungufu kwa asilimia 56 kuliko ya yule ambaye hakurudi kamwe.